Shukrani kwa fundi aliyetuzibulia mdomo wa tangi Tabata

Fundi, hukutuachia jina, basi shukrani hizi zikufikie popote ulipo. Gari lilikuwa limevunjwa kifuniko cha mafuta, mdomo wa tangi umeshindiliwa matambara na mchanga. Waliosimama pale walitaka upepo wa kompresa au nondo. Ukakataa, na ulikuwa sahihi kabisa: kusukuma ni kuuhamishia uchafu ndani ya tangi. Tena ulizuia swichi ya gari isifunguliwe, maana pampu ya mafuta ya umeme huanza kuvuta papo hapo, na mchanga huimaliza.

Ukafukuza wenye sigara, ukachomoa waya hasi wa betri. Ukafungua tairi la nyuma na plastiki ya madigadi, ukalegeza klempu za mpira mnene, na kile kimpira chembamba cha hewa. Tundu la tangi ukaliziba kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, bomba la kujazia mafuta likatoka likasafishwa nje na kukaushwa. Kimpira cha hewa wengi hukisahau! Kikibaki kimeziba, nozo ya sheli hukata kila mara ilhali tangi ni tupu.

Hukuishia hapo. Ulishusha mafuta yote, na chini ya dumu tukaona mchanga mwembamba kama unga wa ulezi. Huo ungefika kwenye pampu siku hiyohiyo.

Asante sana, kaka. Mungu akuzidishie. Klempu mpya na kifuniko cha ufunguo tumevipata mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, vimeshafungwa.