Barua kwa Fundi Omari: nyumba ya kasisi ya Alfriston

Ndugu yangu Fundi Omari,

Salamu nyingi. Uliniuliza nyumba za kale za vijijini Uingereza zimesimamaje miaka yote hiyo. Basi chukua nyumba ya kasisi ya Alfriston, kusini mwa nchi, ya karne ya 14. Mwaka 1896 National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, liliinunua kwa pauni 10, likiwa jengo lake la kwanza.

Utaielewa upesi, maana ni nyumba ya fito na udongo. Ukumbi wa katikati ulikuwa wazi hadi paani, moto ukiwaka chini na moshi ukipenya juu. Pande mbili zina ghorofa, na paa moja la kuezekwa limefunika vyote. Sakafu ya ukumbi ni chaki iliyoshindiliwa na kuzibwa kwa maziwa yaliyochacha. Hilo hunifurahisha kila nikilifikiria!

Nguzo na boriti ni za mwaloni, uliochongwa ungali mbichi. Ulimi wa boriti huingia katika tundu la nguzo, na kitobo cha kigingi kwenye ulimi husogezwa milimita 2 au 3 kuelekea bega, yaani pale ulimi unapoanzia, ili kigingi kikipigwa kivute kiungo kikaze. Kati ya nguzo husukwa fito, kisha hukandikwa pande zote kwa udongo, mabua na samadi ya ng'ombe. Juu yake lipu ya chokaa.

Lipu ya saruji ndiyo inayoziua nyumba za namna hii. Mti hutanuka na kusinyaa, saruji hainyumbuki. Hufanyika ufa kando ya nguzo, mvua ikaingia, ikakosa pa kutokea. Unyevu hushukia boriti ya chini, ile iliyolalia msingi, ikaoza huku ukuta kwa nje ukionekana mzima. Chomeka bisibisi: ikizama, umechelewa.

Hapo bandua saruji kwa patasi, taratibu, uache ukuta ukauke, hata miezi. Kata kilichooza tu, uunge mwaloni mpya. Lipu iwe chokaa ya rojo sehemu 1, mchanga sehemu 3, na nywele za wanyama za kuishikilia. Kila tabaka milimita 10 hivi, juu ya ukuta ulioloweshwa. Baridi ikishuka chini ya digrii 5, ngoja: barafu huivunja kabla haijashika. Malizia kwa kupaka chokaa nyepesi kama maziwa, mara 4 au 5.

Kuta za matumbawe za Mji Mkongwe huumizwa na saruji vilevile. Niandikie huko mnachanganya chokaa na mchanga kwa kipimo gani, na mnailoweka siku ngapi.

Wasalimie mafundi wote.

Rafiki yako