Barua ya wazi kwa wabunge wetu: deni hukopwa siku ya bajeti

Waheshimiwa wa Bunge la Kitaifa la Kenya, wanangu,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mzee mlipa kodi, na wajukuu zangu wataendelea kulipa nikishaondoka. Kwa ajili yao naomba mnisikilize.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ilitamka vyema kwamba serikali ikope kwa ajili ya maendeleo, si kwa mishahara na posho. Kanuni zake zikaweka ukomo wa deni: asilimia 50 ya pato la taifa, kwa thamani ya sasa (yaani malipo ya miaka ijayo yakihesabiwa kwa thamani ya pesa za leo). Ulipobana, Oktoba 2019 Bunge likaugeuza kuwa shilingi trilioni 9. Juni 2022 ukawa trilioni 10. Mwaka 2023 mkarudi kwenye asilimia, safari hii 55, na mkaipa Hazina hadi 2028 kuutimiza. Uzio unaosogezwa kila mbuzi anapoukaribia haulindi shamba.

Tena angalieni tarehe hiyo. Uchaguzi ni 2027. Mliweka ahadi ambayo muda wake utaisha mkiwa mmekwisha kuhojiwa na wapiga kura. Hilo linaniuma kuliko tarakimu zote.

Ninavyoona, tatizo ni kwamba ukomo unajadiliwa siku moja na matumizi siku nyingine. Juni mnapitisha makadirio, kila mmoja akitetea barabara ya kwao (na simlaumu, ndiyo kazi aliyotumwa). Baadaye inakuja bajeti ya ziada, pengine mbili. Kifungu cha 223 cha Katiba nacho kinairuhusu serikali itumie kwanza, kisha ije kuomba idhini ndani ya miezi miwili. Mkifika kwenye ukomo, pesa zimeshatumika na wakandarasi wako mlangoni. Mtafanya nini ila kuupandisha?

Mliona Juni 2024. Watoto wetu waliuawa barabarani wakipinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi. Mswada ukaondolewa, lakini madeni yaliyosababisha kodi zile hayakuondoka nao. Vijana wale walikuwa wanakataa kulipia kura zilizopigwa Bungeni miaka mingi kabla, nyingine kabla hawajapata vitambulisho.

Basi fanyeni hivi, na mfanye kabla ya bajeti ijayo. Andikeni katika kanuni za Bunge kwamba makadirio yoyote, ya Juni au ya ziada, yasisomwe bila karatasi inayoonyesha yataongeza mkopo kiasi gani na deni litafika asilimia ngapi. Yakivuka njia iliyopangwa kuelekea 55, anayetaka nyongeza ataje hapo hapo atakachopunguza, au kodi atakayoitetea mbele ya watu wake. Na kila kura ihesabiwe kwa jina, si kwa sauti za ndiyo na la.

Wangu katika kuwaombea,
Mzee wenu