Barua kwa mwanangu: kijiji cha watu 14

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Wichita, huku jimbo la Kansas, Marekani. Sisi wazima, ila joto la huku halina huruma. Mwishoni mwa Julai nilikwenda na wenzangu wa kanisani hadi Nicodemus, kijiji kidogo kaskazini-magharibi mwa Kansas. Ni zaidi ya saa tatu kwa gari, na njia nzima ni nyika: majani, mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, upepo. Mtu wa Rombo, Kilimanjaro, kama mimi unatafuta mlima wa kupumzishia macho, huuoni.

Sensa ya 2020 ilikuta watu 14 pale. Siku ile lakini magari yalijaa hadi majanini. Wajukuu na vitukuu wa waanzilishi hurudi kila mwaka wakati huo. Wanaandamana, wanasali, wanakula, na wazee wanawauliza watoto: wewe wa nani?

Kilianzishwa mwaka 1877, miaka 12 tu baada ya utumwa kufutwa Marekani. Watu weusi wa Kentucky walisikia kwamba magharibi kuna ardhi ya serikali, ekari 160 kwa atakayekaa na kuilima miaka mitano. Wakapanda treni hadi Ellis, wakamalizia safari nyikani na mizigo yao. Mama mmoja, Willina Hickman, alifika 1878 na mumewe mchungaji. Akauliza mji uko wapi. Mume akamwonyesha moshi unaotoka ardhini, kwa kuwa watu waliishi kwenye mashimo waliyoyachimba. Miti ya kujengea haikuwepo. Mama wa watu akaangua kilio. Nami ningelia!

Wengine walirudi walikotoka. Waliobaki, wazee husimulia, waliokolewa na Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakitoka kuwinda, wakawagawia chakula majira ya baridi ya kwanza. Halafu mambo yakanyooka: maduka, hoteli, makanisa, hata magazeti. Zachary Fletcher alishika posta, mkewe Jenny akafundisha shule. Walichongoja ni reli. Mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya mto Solomon, na wenye biashara wakaifuata. Dhoruba za vumbi za miaka ya 1930 likamaliza waliokuwa wamebaki na moyo. Posta ilifungwa 1953, shule 1960.

Kwa hesabu za watu wa mipango, kijiji hicho kilipaswa kuwa kimefutika. Hakina duka. Ila baadhi ya familia bado zinashikilia mashamba ya babu zao, na tangu 1996 serikali kuu inalitunza eneo kama urithi wa taifa. Nadhani hata serikali isingekumbuka kama wenyewe wasingekuwa wanarudi.

Sasa tuongee yetu. Uliniambia kwamba Desemba hii hutapanda Rombo, utabaki Dar na wenzako, kwani kule "hakuna kitu". Najua mnavyotutania Wachagga kwamba kila Desemba tunarudi nyumbani kuhesabiwa. Basi na wa Nicodemus wanakwenda kuhesabiwa, tena kutoka majimbo ya mbali, kijijini ambako hakuna hata hao ndugu wengi wa kuwapokea. Wewe unaye bibi, una kihamba, shamba la ukoo, chenye makaburi ya wazee wako, na migomba ambayo mtu asipoonekana jirani anaanza kusogeza mpaka.

Sikwambii ukaishi huko. Kazi iko mjini, mimi mwenyewe nipo Kansas, nitakuhubiria nini? Nataka siku nne tano tu, utembee na baba yako mdogo akuonyeshe mipaka yote, na umuulize bibi majina ya waliozikwa pale. Uyaandike. Mimi mengine sikumbuki.

Nauli nitaituma kwa simu mwezi wa kumi na moja kabla mabasi hayajajaa. Na umwambie bibi tarehe kamili, maana unamjua, atachinja mbuzi wiki nzima kabla hujafika.

Mama yako