“Mmenipiga”: kwa nini gari iliyonyanyuliwa inatetemeka, na kwa nini tunadai hela ya nyuzi

Wiki mbili zilizopita mteja mmoja mwenye Land Cruiser za utalii alitutumia hapa gereji ujumbe wa sauti wa dakika nne. Ukiufupisha ni neno moja: mmenipiga, yaani mmenitapeli. Gari alinyanyulia kwingine, yaani aliongezewa kimo isimame juu zaidi ya ardhi, kwetu alikuja kuuliza kwa nini inatetemeka, tukampa bei ya kupima na kurekebisha nyuzi za propela, yaani pembe ambazo propela imelalia. Laki mbili na nusu, vipuri mbali. “Yaani hela yote hiyo ya kupima? Fundi wangu kainyanyua gari nzima kwa hela hiyohiyo!”

Kila msimu ukikaribia, magari yakianza kuandaliwa hapa Arusha, maneno haya tunayasikia. Leo nayajibu mara moja, vijana wangu wa mapokezi wapumue.

Propela ya nyuma, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ina krosi mbili, viungo vya msalaba vinavyoiruhusu ikunje: moja kwenye transfa (boksi nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na moja kwenye difu, katikati ya ekseli. Krosi ikizunguka huku imekunja haizungushi sawasawa: ndani ya mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kwa macho huoni kitu. Kazi ya krosi ya pili ni kuufuta mchezo wa ile ya kwanza, na itaweza tu kama zote mbili zimekunja kwa nyuzi zinazolingana. Tofauti ikizidi kama nyuzi moja, kinachobaki ni mtetemo. Unaanza kula sili ya difu, unahamia kwenye bearingi, mwisho unafika kwenye kiti cha mgeni aliyelipia safari yake.

Sasa turudi kwa bosi wetu wa ujumbe wa sauti. Fundi wake hakununua springi. Alichonga shekeli ndefu, zile pingili zinazoshika mwisho wa springi ya nyuma, akafunga, gari ikasimama juu, watu wakapiga picha. Lakini springi ile mbele imeshikwa palepale ilipokuwa. Ukishusha mwisho wake wa nyuma tu, ekseli yote inajizungusha na pua ya difu, pale propela inapofungwa, inatazama juu. Tulipoweka kipimo chenye sumaku tukapata hivi: transfa imeinama nyuzi 3, propela imelala nyuzi 9, pua ya difu imeinuka hadi 7. Toa hesabu mwenyewe. Krosi ya mbele inakunja nyuzi 6, ya nyuma 2. Tofauti 4. Kabla ya shekeli, pua ilikuwa 3, sawa na transfa, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Alichofanya kabla ya kuja kwetu ndicho wanachofanya wengi: alibadilisha krosi. Ikalia tena, akabadilisha tena. Ya tatu iliisha gari ikiwa Seronera, katikati ya Serengeti, na wageni ndani, na gari ya kuwafuata ilitoka Arusha usiku. Hesabu ya krosi tatu, gari ya kukodi na siku moja ya safari iliyorudishiwa wageni hela yao, mimi simfanyii, anaijua.

Wengine huja na kabari. Kabari yenyewe si kosa, hata sisi tunatumia, kipande cha chuma chembamba upande mmoja kinachokaa kati ya springi na ekseli kurudisha pua ya difu. Kosa ni kuweka ya aluminiamu chini ya gari inayobeba watu saba na friji, au kuigeuza upande usio wake, tofauti ikaongezeka badala ya kupungua. Mwaka juzi tulipokea gari iliyotoka Ndutu kipindi cha matope. Kabari za aluminiamu zilikuwa zimesagika, yubolti zinazobana springi kwenye ekseli zimelegea, senta bolti inayoweka ekseli mahali pake imekatika, na ekseli imerudi nyuma upande mmoja, gari inatembea kama kaa. Juu ya kabari palikuwa na vitofali viwili vya chuma vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine. Hicho hatukifungi, hata uje na hela mkononi.

Kinachowaudhi wateja zaidi ni viroba. Ndiyo, tunapakia viroba vya mchanga ndani ya gari yako, tunavitandazia turubai kwanza, na vinakaa mle muda wote tunaopima. Gari ya utalii ikiwa tupu juu ya springi ngumu inasimama juu kuliko itakavyosimama ikiwa na wageni, mizigo na tanki zote mbili zimejaa. Ukipima tupu, umepima gari ambayo haitaenda popote. Kuna dada mmoja mwenye kampuni ndogo pale Njiro alitushangaa sana siku ya kwanza, akauliza kama tunajenga. Siku hizi gari zake huja na viroba vyake mwenyewe.

Mbele kuna ugomvi wa aina nyingine. Land Cruiser za 70 kuanzia mwaka 1999 zina koili springi mbele, ekseli imeshikwa na mikono miwili inayokwenda nyuma hadi kwenye chasisi. Ukinyanyua, mikono inainama na ekseli inajizungusha: kasta, ule mlalo wa kuelekea nyuma unaofanya magurudumu yajinyooshe yenyewe, inapungua. Dereva atakwambia usukani “unaogelea”, hasa kwenye lami ya Makuyuni kwenda Mto wa Mbu, anausahihisha kila dakika. Dawa ni bushi za kasta, zenye tundu lisilo katikati. Lakini ukirudisha kasta unainamisha pua ya difu ya mbele, na krosi za propela ya mbele zinazidi kukunja. Unampa huyu, unamnyang’anya yule. Kwenye Land Cruiser yenye habu za kufungua (vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele) unaweza kuelekea upande wa kasta, maana ukifungua habu propela ya mbele inapumzika. Defender haina mapumziko hayo, propela yake ya mbele inazunguka saa zote, hata kwenye lami. Ndiyo maana bei ya Defender ni tofauti, na ndiyo maana sitaji bei kwa simu.

Gari zilizorefushwa chasisi nazo zina lao. Propela ndefu ina nyuzi nzuri zaidi, kweli, lakini ikifika mwendo fulani inaanza kupiga kama kamba ya kuruka. Mtetemo wa namna hiyo hauondoki kwa kabari.

Kuna mtetemo mwingine wa aibu. Kijana fulani alifungua propela ya mteja wetu ili aitie grisi, akaichomoa kwenye meno yake ya kuteleza, akairudisha imeruka jino. Masikio ya krosi, yale yanayoishika kila mwisho wa propela, hayakutazamana tena. Mteja alizunguka gereji nne, akauziwa shokapu mpya na matairi mawili. Sisi tulichomoa, tukarudisha mahali pake, tukapiga alama kwa patasi. Dakika arobaini. Hatukumtoza kitu, lakini shokapu zake hatukuweza kumrudishia.

Kwenye ile laki mbili na nusu tunaangalia pia mipira ya breki kama inatosha ekseli ikining’inia, fimbo inayozuia ekseli ya mbele isihamie upande, na vali ya breki za nyuma inayosoma uzito wa mzigo. Vali hiyo ikiachwa ilivyo baada ya kunyanyua, inadhani gari ni tupu na inazibania breki za nyuma. Wengi waliokuja kwetu hawakuwahi kuambiwa hata kwamba ipo.

Bosi alikuja hatimaye. Tulitoa shekeli ndefu, tukafunga springi zilizotengenezwa kwa mzigo wake, pua ya difu ikatulia kwenye nyuzi 4 ikiwa imepakiwa. Bado anasema sisi ni ghali. Gari ya pili ameileta Jumatatu.

Kama unaleta yako, njoo asubuhi, tanki zikiwa zimejaa, friji na tairi za akiba mahali pake. Usiipitishe kwanza kwa fundi wa kuosha na kupaka rangi chini, tunataka kuona grisi imerukia wapi. Viroba tunavyo.