Barua kwa Mwanangu: Tangi Limeondoka

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Tabora. Sisi ni wazima, ila goti langu ndilo linalonikumbusha umri. Ujumbe wako kwamba mnakuja likizo na mjukuu wangu Hamisi nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea jirani kwa sauti. Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa unaanza kuniuliza nimekula nini, nami nasahau nilichotaka kusema.

Tangi la maji la mtaa wetu limeondoka, mwanangu.

Walikuja mafundi wanne na mitungi yao ya gesi, wakaanza kulikata kuanzia ngazi. Ile ngazi uliyopanda ukiwa darasa la pili, baba yako akabaki chini amepanua kanga yangu utafikiri angekudaka. Siku mbili wamemaliza. Nilikaa chini ya mwembe nikiangalia. Miguu ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba ukiigonga inamwaga unga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Na lita 1,000 za maji ni tani nzima, sasa piga hesabu ya tangi lile likijaa, limebebwa na miguu ya namna hiyo. Kwa hiyo siwalaumu kwa kuliondoa. Ninachowalaumu ni kubandika karatasi moja kwenye nguzo ya umeme na kuona wametuarifu.

Unakumbuka ule ubao wa kipimo uliokuwa ubavuni, na kile chuma kilichopanda na kushuka? Uliwahi kuniuliza mbona chuma kikishuka ndipo maji yanajaa. Nikakwambia sijui, kamuulize baba yako. Basi jibu nimelishika kwa mikono yangu. Ndani kulikuwa na boya la bati, ukubwa wa sufuria ya wali wa watu sita, limefungwa waya unaopita juu kwenye kapi na kuteremka nje hadi kwenye kile chuma. Maji yakipanda, boya linapanda, waya unalegea, chuma kinashuka. Kumbe ni rahisi hivyo! Wanawake wa mtaa tulikisoma chuma kile kuliko saa. Kikiwa chini kabisa, tunaloweka nguo. Kikianza kukaribia juu, kila mtu anakimbilia madumu. Boya nimewaomba wakaniuzia kwa bei ya chuma chakavu. Lipo uvunguni, Hamisi atalipiga kama ngoma.

Fundi mmoja, kijana mwenye adabu, alinieleza mambo mengi wakati wa chai. Anasema kila mita 10 za kimo zinakupa baa moja ya presha. (Si baa unayoifikiria.) Wenzetu wa Kigoma wana vilima, tangi unaliweka kilimani na maji yanateremka yenyewe. Hapa kwetu ni tambarare, ukitaka kilima unakijenga kwa chuma. Ndiyo maana pampu ilikuwa ikinguruma usiku, watu wamelala na koki zimefungwa, ili alfajiri tangi liwe limejaa.

Maji hatukosi, usiwe na wasiwasi. Zamani tulitegemea bwawa la Igombe, na mgawo wake unaujua, wewe ndiye uliyeamshwa saa tisa usiku kukinga ndoo. Siku hizi yanatoka Ziwa Victoria kwa bomba, yanapita Nzega hadi huku. Babu yako angecheka. Yeye alichochea moto kwenye injini za mvuke, na alikuwa akisema reli hii iliyofika Tabora mwaka 1912 iliendeshwa na maji kuliko moto, maana injini ilikuwa na kiu kuliko ng'ombe wa kiangazi, na pasipo tangi haifiki popote.

Kinachonisumbua ni kitu kidogo. Ulipokuwa ukirudi kutoka shule ya bweni, uliniambia ukiliona tangi juu ya miembe, ndipo unapovaa viatu. Treni nzima inahangaika na mizigo, wewe unafunga kamba za viatu. Sasa nawaza, safari hii utavaa viatu wapi?

Mkishuka stesheni, mwambie bodaboda akulete Tangini. Usianze kumweleza habari za kanisa wala duka la dawa, utamchanganya. Hata juzi, chuma kikiwa bado kimelala chini vipande vipande, nilimsikia mama mmoja akimwelekeza mgeni, "Ukifika kwenye tangi, kata kulia," na mgeni akafika. Huko kwenu Dar es Salaam, hapo Tangi Bovu unapopita kila siku na daladala, konda akitaja jina kuna abiria anayeinua macho kulitafuta tangi? Kama bodaboda ni kijana sana, mwambie panapouzwa mkaa. Akikutajia bei ya wageni, msalimie kwa Kinyamwezi, itashuka.

Vile vitako vinne vya zege wameviacha. Kimoja tayari kina muuza karanga, na kingine nimemwekea Hamisi, nimeshamwambia muuza karanga asihamie.

Michembe nimeanika, asali ipo kwenye dumu. Mletee baba yako betri za redio, zile kubwa.

Mama yako