Risala ya wanafunzi wa udaktari kwa mgeni rasmi, siku ya mjadala wa sheria za dawa za kulevya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Wewe ni mmoja wa wanaonyoosha mkono sheria inapopitishwa. Hatutaficha kwamba ndiyo sababu tumekualika.

Mheshimiwa, wodini tunakojifunzia, sheria ya dawa za kulevya tunaiona kwenye kabati la chuma lenye kufuli mbili. Humo mna mofini, dawa kali ya maumivu, na kila kipimo kinachotoka hutiwa saini na watu wawili. Hatulalamikii daftari. Lakini kuna usiku mwenye ufunguo wa pili hakupatikana, na mama mwenye saratani aliuma pindo la shuka mpaka alfajiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, uliozaa sheria nyingi za marufuku duniani, unatamka katika utangulizi wake kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu. Maneno hayo husahaulika upesi.

Usiku mwingine kijana aliachwa mlangoni pa chumba cha dharura, midomo imegeuka buluu, mboni ndogo kama tundu la sindano. Wenzake walishakimbia kwa kuogopa polisi, hivyo hapakuwa na wa kutuambia amejidunga nini wala saa ngapi. Alipopewa naloksoni, dawa inayozima makali ya heroini na jamaa zake, alivuta pumzi, akaketi, akatutukana. Tulifurahi sana kutukanwa.

Mheshimiwa, taaluma yetu si mara ya kwanza kubisha hodi kwenye mjadala huu. Marekani ilipopitisha Sheria ya Harrison, ya kudhibiti afyuni na kokeini, mwaka 1914, madaktari walidhani wameachiwa nafasi ya kutibu. Mwaka 1919 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kumwandikia mraibu mofini ili tu asipate arosto si tiba, na waliofanya hivyo wakashtakiwa, wengine wakafungwa. Uingereza ilikwenda njia nyingine: mwaka 1926 kamati ya madaktari chini ya Dk. Humphry Rolleston ilisema uraibu ni ugonjwa, na daktari akaruhusiwa kuutibu hata kwa dawa yenyewe. Mwaka 1937 Dk. William Woodward, kwa niaba ya chama cha madaktari cha Marekani, alipinga mswada wa kuibana bangi mbele ya wabunge, akilalamika kuwa uliandaliwa kimyakimya bila kuwashirikisha. Mswada ulipita.

Hatukuja kujivika kilemba cha ukoka. Heroini iliingia sokoni mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi, na walioiandika kwenye vyeti ni madaktari. Karne haijaisha vizuri, wenzetu wa Marekani wakamwaga vidonge vya maumivu vya jamii ya mofini kwa kuamini maneno ya wauzaji wa kampuni za dawa.

Kuhusu kuhalalisha bangi, sisi wenyewe tumegawanyika. Jana tulibishana hadi mlinzi akatuzimia taa. Tunayokubaliana ni haya. Tunaomba madaktari, wauguzi na wafamasia wasikilizwe mswada ukiwa bado rasimu. Tunaomba anayemleta mwenzake aliyezidisha dozi asikamatwe mlangoni kwetu. Na tunaomba methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2005 kwenye orodha ya dawa muhimu kwa tiba ya uraibu, ipatikane kwa kila anayeihitaji, aliye gerezani naye asisahauliwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.