Una leseni ya wimbo, mbona video imedaiwa?

Wateja wengi wanaotuletea dai la hakimiliki hawakuiba wimbo wa mtu. Waliulipia, au waliupakua mahali palipoandikwa kwamba ni bure, au prodyuza aliwapa kwa ridhaa yake. Tukiisoma ruhusa yenyewe, mara nyingi tunakuta ni halali kabisa, ila ilitolewa kwa matumizi mengine: ya kusikiliza tu, ya video isiyo ya biashara, ya mtandao mmoja, ya chaneli nyingine. Ndiyo maana tunawasihi wateja wasiishie kujua kwamba wana leseni. Wajue leseni hiyo inaruhusu nini, wapi na mpaka lini.

Wimbo mmoja, haki mbili

Kila wimbo uliorekodiwa umebeba haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani melodi na mashairi, na kwa kawaida huwa mikononi mwa mtunzi au kampuni inayosimamia kazi zake. Ya pili ni ya rekodi, ile sauti iliyonaswa studio, ambayo mara nyingi ni ya lebo au ya msanii aliyejigharimia. Ukitaka kuuweka wimbo kwenye video unahitaji ruhusa ya pande zote mbili. Utunzi wenyewe ukiwa na watu wanne, huenda kila mmoja ana msimamizi wake, na akikataa mmoja umekwama.

Wanaorudia nyimbo za wengine huteleza hapa. Ukiimba mwenyewe na gitaa ukapiga mwenyewe, rekodi ni yako lakini utunzi si wako. Leseni inayokuruhusu kuitoa sauti peke yake kwenye majukwaa ya kusikiliza haifiki kwenye video. Ni kweli kwamba kwenye YouTube wasimamizi wengi wa utunzi huziacha video za namna hiyo zibaki na kuchukua mapato au sehemu yake, lakini hiyo ni hiari yao na wanaweza kuibadilisha siku yoyote.

Muziki wa zamani una mtego uleule. Beethoven alifariki mwaka 1827, kwa hiyo tungo zake ni mali ya umma. Okestra iliyorekodi simfoni yake miaka michache iliyopita, hata hivyo, ina haki juu ya rekodi yake. Kwa utunzi, Mkataba wa Berne unaweka kima cha chini cha miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, na nchi nyingi zimeweka 70. Rekodi zina hesabu yake: kwa Marekani, zilizotoka kabla ya 1923 ziliingia kwenye mali ya umma tarehe 1 Januari 2022. Njia salama ni kutafuta rekodi ambayo wapigaji wenyewe wameiachia kwa CC0, yaani wameachilia haki zao zote, au kuupiga muziki huo mwenyewe.

Ruhusa zinapoishia

Maneno "bila mirabaha" huwapoteza wengi. Maana yake ni kwamba hulipi kila wimbo unapochezwa. Unalipa mara moja, au kwa mwezi, kisha unautumia ndani ya masharti. Si bure, na masharti hutofautiana sana. Kabla ya kununua, angalia kama kifurushi chako kinaruhusu kazi unazowafanyia wateja au ni cha chaneli yako pekee. Angalia pia kama kinaruhusu matangazo ya kulipia, maana video ileile ikisukumwa kwa fedha kama tangazo mara nyingi huhesabiwa kuwa matumizi mengine yenye bei nyingine.

Kuhusu usajili wa kila mwezi, soma kwa makini kifungu cha kinachotokea ukiacha kulipa. Maktaba nyingi za muziki husema video zilizochapishwa wakati usajili uko hai zitabaki halali. Neno la kuzingatia ni *zilizochapishwa*. Video uliyoihariri ukiwa mwanachama ukaipakia wiki mbili baada ya usajili kukoma, kwa masharti ya namna hiyo, haina leseni, ingawa wimbo uliupakua kihalali.

Muziki ulio ndani ya programu za mitandao nao hauhami. Wimbo uliouchagua ndani ya TikTok una ruhusa ndani ya TikTok. Ukiipakua video hiyo na kuipandisha YouTube au kwenye tovuti ya biashara, ruhusa haikufuati. Akaunti ya biashara ya TikTok, au video yoyote inayonadi bidhaa, inatakiwa kutumia maktaba yake ya muziki wa kibiashara, si nyimbo zote zinazovuma. Kwenye maktaba ya sauti ya YouTube baadhi ya nyimbo zinadai umtaje msanii na nyingine hazidai. Alama ya leseni iko kwenye mstari wa kila wimbo, na kuiangalia ni kazi ya sekunde mbili.

Leseni za Creative Commons, ambazo msanii huziweka ili watu wautumie wimbo wake bure kwa masharti, zinastahili macho makali zaidi, maana herufi mbili tu zinabadilisha kila kitu. Matini ya kisheria ya leseni hizo yanasema wazi kwamba muziki ukioanishwa na picha zinazotembea, kinachopatikana ni kazi mpya iliyotoholewa. Kwa hiyo wimbo wenye alama ya ND (usibadilishe kazi) huwezi kuuweka chini ya video unayoichapisha, hata kama hukugusa noti moja. Wenye SA (toa kwa leseni ileile) unaruhusiwa, lakini video yako nayo lazima itoke kwa leseni hiyohiyo, jambo ambalo mteja aliyekulipa kumtengenezea tangazo hatalikubali. NC (si kwa biashara) inakataza matumizi yanayolenga faida ya kibiashara, na kwa maoni yetu video yenye matangazo au mdhamini ikae mbali nayo kabisa.

BY (mtaje msanii) ndiyo nyepesi: andika jina la wimbo, msanii, kiungo cha ulikoutoa, jina la leseni na kiungo chake, kisha utaje kama umeukata au kuubadilisha. Ukisahau, toleo la 4.0 la leseni hizi hurudisha haki zako ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipoligundua kosa.

Biti zina matatizo yake. Biti iliyoandikwa "bure" mara nyingi ni bure kwa majaribio au matumizi yasiyo ya fedha. Hata ile uliyolipia, ikiwa si ya kipekee, inauzwa kwa wengine pia, na vipande vyake vya ngoma au kinanda huenda vimetoka kwenye kifurushi cha sauti kinachotumiwa na maprodyuza wengi. Mmoja wao akiusajili wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua sauti zilizosajiliwa, mfumo huo utaidai video yako, kwa sababu husikia sauti, hausomi leseni. Masharti ya YouTube yanakataza kusajili sauti za namna hiyo zisizo za mtu mmoja, lakini hutokea, na dai la aina hii hupingika vizuri ukiwa na karatasi zako.

Yapo pia mambo yasiyokupa ruhusa yoyote: kutumia sekunde saba tu, kumtaja msanii bila ridhaa yake, kuandika kwamba hukukusudia kuvunja haki, kupandisha kasi ya wimbo, au kuwa na risiti ya kuununua kwa kusikiliza. Sheria haikuweka idadi ya sekunde zilizo salama.

Dai si onyo

Watu huingiwa na hofu kwa kuchanganya mambo haya mawili. Dai la Content ID, mfumo ulioanza 2007, hutokana na ulinganisho wa mashine. Mwenye haki huchagua kuizuia video, kuchukua mapato ya matangazo, au kufuatilia takwimu tu. Chaneli yako haipati alama mbaya. Onyo hutokana na ombi la kisheria la kuiondoa video, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli. Onyo hufutika baada ya siku 90 ukiwa umemaliza somo la hakimiliki la YouTube.

Dai likifika, usifute video. Fungua YouTube Studio, soma ni wimbo gani, dakika na sekunde zipi, nani anadai, na anadai utunzi au rekodi. Sikiliza sehemu hiyo kwa vipokea sauti. Wakati mwingine wimbo si ule uliouweka, bali ni redio iliyokuwa ikisikika nyuma ya mtu uliyemhoji. Kama ruhusa huna, unaweza kuikata sehemu hiyo, kuubadilisha wimbo au kuunyamazisha hukohuko Studio, na video ikabaki na kiungo chake na watazamaji wake.

Kama ruhusa unayo, anza na aliyekupa leseni. Maktaba nyingi zina ukurasa wa kusajili chaneli yako, na dai huondolewa bila mabishano. Hili ndilo kosa tunalolikuta mara kwa mara: mtu amelipa, ila hakuiunganisha chaneli. Fanya hivyo *kabla* ya kupakia.

Ikishindikana, weka pingamizi. Ukiliweka ndani ya siku 5, mapato ya tangu siku ya dai yanashikiliwa mpaka shauri liishe. Ukichelewa, yanashikiliwa kuanzia siku uliyopinga. Mdai ana siku 30 za kujibu, na asipojibu dai linakufa. Akishikilia, unaweza kukata rufaa, naye anapewa siku 7. Pima vizuri hatua hii, kwa sababu akiikataa rufaa anaweza kuomba video iondolewe, na hapo ndipo onyo linapozaliwa. Baada ya hapo hubaki ilani ya kupinga, ambayo ni hati ya kisheria yenye jina na anwani yako kamili. Mdai hupewa siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua shauri mahakamani. Usiitume kwa hasira.

Kwa wanaorusha mubashara: ndani ya OBS, programu ya kurushia matangazo, peleka muziki kwenye njia ya sauti tofauti na maikrofoni. Ukirusha kwenye Twitch, jukwaa la matangazo mubashara, chagua njia isiyo na muziki iwe ndiyo ya rekodi inayobaki. Hilo linailinda rekodi tu. Haligeuki kuwa leseni ya kuupiga wimbo hewani.

Unachotakiwa kututumia

Tukikushughulikia dai tunahitaji cheti cha leseni, risiti yenye tarehe, kiungo cha ukurasa wa wimbo, picha ya skrini ya masharti kama yalivyosomeka siku uliyopakua, na faili la wimbo uleule uliotumia. Ongeza kiungo cha video, tarehe ya kuchapishwa, na picha ya dai lote. Ruhusa iliyotoka kwa prodyuza au msanii iwe kwa maandishi, imtaje mwenye utunzi na mwenye rekodi, na iorodheshe mitandao, muda, na kama matangazo ya kulipia yamo. Ujumbe wa sauti wa simu tutausikiliza, lakini kwenye fomu ya pingamizi utapungukiwa na nguvu, kwa hiyo mwombe akuandikie hata mistari mitano kabla hujapakia.